Kwaresima na mashahidi wa nchi jirani: mfungo usioishia mezani

Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na katika juma hilohilo Waislamu nao wakaingia katika mfungo wa Ramadhani. Katika miji ya ukanda huu, ambamo ukoo mmoja huweza kuwa na shangazi Mwislamu na mjomba Mkatoliki, swali huzuka kwa urahisi mezani na kibarazani: hawa wanaopakwa majivu kwenye paji la uso na bado wanakunywa chai ya saa nne, wanafunga nini hasa?

Swali hilo ni la haki. Kwa kipimo cha njaa peke yake, sheria ya Kanisa Katoliki ni nyepesi. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na zinawahusu waumini wenye umri wa kuanzia miaka 18 hadi 59. Siku hizo mwamini hula mlo mmoja kamili, pamoja na chakula kidogo asubuhi au jioni. Ijumaa zote za Kwaresima hujiepusha na nyama, na agizo hili huwabana wote waliotimiza miaka 14. Zaidi ya hapo, kila mmoja anaachiwa dhamiri yake. Samaki hawakukatazwa, na ndiyo sababu wapo wanaoacha nyama ya mbuzi siku ya Ijumaa kisha wakaketi mbele ya sato mkubwa wa kuchoma, aliye ghali kuliko hiyo nyama waliyoiacha. Sheria haikuvunjwa hapo, ila ni vigumu kusema kwamba kuna kitu kilichofungwa.

Kwaresima ni siku 40, bila kuhesabu Jumapili, zinazowaandaa waamini kwa Pasaka, ambayo mwaka huu ni tarehe 5 Aprili. Desturi hii ni ya kale: Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 tayari unakitaja kipindi cha siku arobaini kama jambo linalojulikana. Nguzo zake ni tatu, nazo zimetoka katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo: kusali, kufunga na kutoa sadaka. Majivu yenyewe kwa kawaida hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, yaliyokaushwa na kuchomwa.

Mahubiri ya kipindi hiki mara nyingi huelekeza macho kwa watakatifu. Wanaotajwa kwa wingi ni wa mbali: Fransisko wa Assisi, Teresa wa Avila, mababa wa jangwani wa Misri. Hakuna ubaya katika hilo. Hata hivyo, Mkristo wa Goma, wa Bururi au wa Kampala anayetafuta mtu wa kumwonyesha maana ya kufunga hana haja ya kuvuka bahari. Katika nchi zinazopakana na Maziwa Makuu wapo watu ambao Kanisa limewatangaza watakatifu au wenyeheri, na maisha yao yanagusa mambo ambayo msikilizaji anayafahamu: rushwa mpakani, utumwa, ukabila, na kisasi.

Bwana Chui na mchele ulioharibika

Wa karibu zaidi kwa wakati ana jina la Kiswahili kitupu: Floribert Bwana Chui bin Kositi. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, akasoma katika Chuo Kikuu cha Goma, na akiwa huko akajiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei wa Kikatoliki kilichoanzia Roma mwaka 1968. Huko Goma jumuiya hiyo ilikuwa ikiendesha kile inachokiita Shule ya Amani, kwa ajili ya watoto wa mitaani ambao wenyeji wa mji huo huwaita maibobo. Bwana Chui alikuwa mmoja wa vijana waliowakusanya watoto hao, wakawafundisha, na kuhangaikia karo na sare zao ili warudi shuleni.

Mwaka 2007 alikuwa na kazi ambayo vijana wengi wa Goma wangeitamani. Alikuwa afisa wa OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, katika mji ambao riziki yake kubwa hupitia mpakani. Wajibu wake ulikuwa kuangalia vyakula vinavyoingia na kuamua kipi kinafaa kuliwa na kipi kinapaswa kuharibiwa. Shehena za chakula zikafika, ukiwemo mchele, zikiwa zimeharibika. Wenye mali wakamletea fedha ili afumbe macho, naye akakataa. Shinikizo likaongezeka, bado akakataa.

Anayeijua biashara ya mpakani atatambua uzito wa jambo hili. Afisa anayekataa mlungula anaonekana na wenye mali kuwa adui wa riziki yao, na na wenzake kazini kuwa mtu anayewaaibisha. Hata ndugu zake humwona mjinga. Marafiki wa Bwana Chui wamesimulia kwamba yeye alilipima jambo hilo kwa imani yake: kama kweli anaishi kwa ajili ya Kristo, atawezaje kupokea fedha ambazo gharama yake ni matumbo ya watu wasiojua wanachokula? Na walaji wa mchele wa bei nafuu katika mji kama Goma ni akina nani, kama si maskini, na pamoja nao maibobo walewale aliokuwa akiwafundisha?

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye, ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Papa Fransisko alimtaja tarehe 2 Februari 2023 mbele ya umati wa vijana katika Uwanja wa Mashahidi jijini Kinshasa, akimtoa kama mfano wa kijana ambaye angeweza kunyamaza na kunufaika, lakini hakufanya hivyo. Novemba 2024 Papa huyohuyo aliidhinisha tamko kwamba Bwana Chui aliuawa kwa chuki dhidi ya imani. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, katika ibada iliyoongozwa na Kardinali Marcello Semeraro. Wakati huo Goma, mji wake wa kuzaliwa, ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari mwaka huohuo.

Kuna jambo hapa linalohitaji maelezo. Kwa karne nyingi shahidi wa imani alieleweka kuwa mtu aliyeambiwa amkane Kristo au afe. Waliomuua Bwana Chui hawakumwuliza habari za Kristo. Walitaka mzigo upite. Basi kwa nini aitwe shahidi? Hoja ya Kanisa ni kwamba uaminifu wake ulitokana na imani yake, na kilichochukiwa ndani yake kilikuwa tunda la imani hiyo. Si yeye wa kwanza kutazamwa hivyo. Padre Pino Puglisi, aliyeuawa na Mafia huko Palermo mwaka 1993, alitangazwa mwenyeheri mwaka 2013, na Rosario Livatino, hakimu kijana wa Sicilia aliyeuawa mwaka 1990, alitangazwa mwaka 2021. Afrika Kusini, Benedict Daswa, mwalimu mkuu aliyeuawa mwaka 1990 kwa kukataa kuchangia fedha za kumtafuta mchawi kijijini, alitangazwa mwenyeheri mwaka 2015. Wote hawa waliuawa kwa sababu walikataa kufanya jambo ambalo majirani zao waliliona la kawaida.

Kwa Kwaresima, kisa cha Goma kinasumbua kuliko visa vingi vya kale. Ni rahisi mtu kuacha soda, pombe au nyama kwa siku 40, kwa maana Pasaka ikifika atavirudia. Nani amewahi kutangaza kwamba Kwaresima hii anafunga kupokea bahasha? Na akitangaza, je, Jumatatu ya Pasaka atairudia?

Wanaoitwa mwenyeheri na wanaoitwa mtakatifu

Ngazi hizi huwachanganya wasikilizaji wengi. Mchakato unapofunguliwa, marehemu huitwa Mtumishi wa Mungu. Akitangazwa mwenyeheri, anaweza kuheshimiwa hadharani katika jimbo lake, nchi yake au shirika lake. Akitangazwa mtakatifu, heshima hiyo inakuwa ya Kanisa zima. Kwa kawaida muujiza mmoja huhitajika kabla ya kila moja ya hatua hizo mbili za mwisho. Shahidi wa imani husamehewa ule wa kwanza, kwa kuwa kifo chake chenyewe kimehesabiwa kuwa ushuhuda tosha. Ndiyo maana Bwana Chui ni mwenyeheri, si mtakatifu. Ndivyo walivyo pia Wakongo wengine waliomtangulia.

Mmoja wao ni Isidore Bakanja, fundi mwashi wa jimbo la Ikweta, aliyebatizwa na wamisionari Watrapisti mwezi Mei 1906. Alivaa skapulari, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi na kuvaliwa shingoni kama ishara ya kujiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Msimamizi wa shamba la kampuni ya Kibelgiji alikofanya kazi hakutaka kuiona skapulari hiyo wala kusikia wafanyakazi wakifundishana sala. Bakanja alipokataa kuivua, alichapwa zaidi ya viboko mia kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari. Majeraha yaliyooza yalimtesa kwa miezi kadhaa hadi alipofariki Agosti 1909, akiwa amesema kwamba amemsamehe aliyempiga na kwamba atamwombea mbinguni. Alitangazwa mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994.

Mwingine ni Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu. Wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964, yeye na wenzake waliondolewa katika nyumba yao ya Bafwabaka na kupelekwa Isiro. Kanali mmoja wa waasi alimtaka awe mke wake. Alikataa, akapigwa, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba akauawa. Kabla ya kufa alimwambia muuaji wake kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenyeheri jijini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, alitamka kwamba naye anamsamehe mtu huyo.

Msamaha wa namna hii mara nyingi hueleweka vibaya, hasa katika nchi zilizozika watu wengi. Husikika kana kwamba aliyeumizwa anatakiwa asahau na anyamaze. Maisha ya Josephine Bakhita yanaonyesha vinginevyo.

Mwenye Bahati

Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Akiwa na umri wa miaka saba hadi tisa hivi alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa. Jina la Bakhita si lile alilopewa na wazazi wake. Alipewa na watekaji, nalo kwa Kiarabu lina maana ya mwenye bahati. Asili yake ni moja na neno la Kiswahili bahati. Jina la nyumbani hakulikumbuka tena maisha yake yote. Aliuzwa mara kadhaa. Katika nyumba ya afisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa chale kwa wembe kifuani, tumboni na mkononi, na majeraha yakasuguliwa chumvi ili alama zisifutike. Zilihesabiwa 114.

Mwaka 1883 alinunuliwa Khartoum na Callisto Legnani, mwakilishi wa serikali ya Italia, na miaka miwili baadaye akafika Italia, ambako alikabidhiwa kwa familia nyingine kuwa yaya. Mama wa familia hiyo alipotaka kumrudisha Suakin, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, Bakhita alikuwa akiishi kwa muda kwa masista Wakanosa wa Venice, akijifunza dini. Akakataa kuondoka. Kwa mwanamke aliyekuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba kukataa ni kuchapwa, hilo halikuwa jambo dogo. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba, kwa kuwa sheria ya Italia haikuutambua utumwa, alikuwa mtu huru. Akabaki. Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa kwa jina la Josephine, na mwaka 1896 akaweka nadhiri za utawa.

Kuanzia mwaka 1902 aliishi katika mji wa Schio, kaskazini mwa Italia. Alipika, alishona, alitunza sakristia, na kwa miaka mingi alikuwa bawabu wa nyumba ya masista. Hakuna tendo kubwa la kusimuliwa katika miaka hiyo zaidi ya arobaini, na huenda hilo ndilo linalomfanya awafae watu wa kawaida zaidi ya mashahidi waliokufa kwa siku moja.

Alipoulizwa angewatendea nini watekaji wake kama angekutana nao, alijibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu bila yaliyompata asingefika alipofika. Wapo wanaoisikia kauli hiyo kwa ukakasi, na wana sababu: mtu mwingine yeyote akimwambia aliyewahi kutumikishwa ashukuru, ni matusi. Bakhita peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kuisema. Isitoshe, hakusahau. Alieleza kisa chake kikaandikwa, chale na vyote. Na katika siku zake za mwisho, mawazo yakimtoka kwa homa, alimwomba aliyekuwa akimwuguza amlegezee minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, akatangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya Kanisa ya kusali dhidi ya biashara haramu ya binadamu.

Kizito na waliosubiri ubatizo

Hapo mwanzo Kwaresima ilikuwa hasa kipindi cha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka. Waliokwisha kubatizwa walifunga pamoja nao ili wasiwaache peke yao. Jambo hili limesahaulika kwa kiasi fulani, lakini ndilo linalowaleta mashahidi wa Uganda katika kipindi hiki, ingawa kumbukumbu yao ni tarehe 3 Juni.

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walidai miaka minne ya mafundisho kabla ya ubatizo. Mwaka 1882 walilazimika kuondoka Buganda, wakahamia kusini mwa ziwa, Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, na hawakurudi hadi mwaka 1885. Katika kipindi hicho vijana wa ikulu walibaki wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa kiongozi wao, aliuawa Novemba 1885 baada ya kumlaumu Kabaka Mwanga wa Pili kwa kuuawa kwa askofu wa Kianglikana, James Hannington. Karoli Lwanga akashika nafasi yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, Lwanga alifahamu kwamba asubuhi wataitwa mbele ya Kabaka. Miongoni mwa vijana waliokuwa chini yake walikuwamo ambao bado hawajabatizwa. Akawabatiza yeye mwenyewe, wanne, na mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Kwa hiyo muda wote wa Ukristo wa Kizito, kuanzia maji ya Munyonyo hadi moto wa Namugongo tarehe 3 Juni, ulikuwa siku tisa. Wakatoliki 22 wa mateso hayo walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana nao wanawakumbuka mashahidi wao 23, na kila mwaka mahujaji hutembea kwa miguu kwa siku nyingi, wengine kutoka Kenya na Tanzania, kufika Namugongo.

Burundi bado inasubiri. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, mwezi mmoja baada ya Pasaka, watu wenye silaha walivamia seminari ndogo ya Buta, katika mkoa wa Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa. Vijana 40 wakauawa. Mchakato wa kuwatangaza wenyeheri ulifunguliwa mwaka 2019, na makaburi yao yamepangwa kando ya kanisa la seminari, bila kutenganishwa kwa kabila.

Huko Goma, Jumuiya ya Sant'Egidio imeipa shule moja ya watoto jina la Floribert Bwana Chui. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 8 Julai. Mpaka wa Goma na Gisenyi ungali miongoni mwa mipaka inayovukwa kwa miguu na watu wengi zaidi katika ukanda huu, wengi wao wakiwa wanawake wenye mizigo ya nyanya, maharage, unga na mchele kichwani.